Fisi Kwenye Mtihani wa Ujirani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa Buzebazeba wakitaka kunicheka huniuliza kama nimeshawahi kufika hata Bangwe, hapa hapa mjini. Nilimaliza kidato cha nne, nikanunua kompyuta iliyotumika na mashine ya kuchapa, nikaziweka sebuleni. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la saba; kazi za walimu wenzake zikaanza kunifuata hadi kwenye kochi.

Kazi kubwa ilikuwa mtihani wa ujirani, ule ambao shule kadhaa hutunga pamoja. Walimu waliniletea maswali kwenye karatasi, nikayachapa, halafu bahasha ya Mwamgongo, kijiji cha mbali kando ya ziwa, ikapanda boti. Boti ina mambo yake, ikachelewa. Watoto wa kule walifanya mtihani kesho yake, wakati wa mjini wameshasimuliana maswali yote. Basi wakifaulu vizuri, husikii pongezi. Unasikia, "Aa, hao si walipigiwa simu!" Mwalimu wao wa sayansi aliniambia safari moja, "Kaka, mwaka huu nataka wanangu waanze saa moja pamoja na wenzao. Hilo tu."

Nikaona niwe mtaalamu. Nikafungua faili moja mtandaoni, nikatupa kiungo kwenye kundi la walimu: kila mmoja aingie na kuandika maswali yake, na siku ya mtihani kila shule ichape yake. Mwamgongo wana umeme wa jua na mashine, boti ya nini tena?

Jumamosi asubuhi nikakaa na chai, nikitazama. Jamani! Maneno yanajiandika yenyewe, huyu rangi ya kijani, yule zambarau. Nilimwita mke wangu kwa sauti ya mtu aliyeona treni kwa mara ya kwanza. Mzee wetu, mwalimu mkongwe kuliko wote, alipoingia tu, vijana hawakuweza kumpita hivi hivi. Swali la saba likasomeka: "Taja kazi mbili za Shikamoo mwalimu mizizi." Chini yake mzee akajibu, "Marahaba, hamjambo nyote?" Mwingine akaongeza salamu ya kilugha chetu, "Mwakeye!"

Nikawa nafuta salamu huku nacheka. Ndipo juu ya ukurasa kikatokea kijipicha cha fisi. Hana jina. Fisi asiyejulikana.

Mwalimu mmoja kijana, kwa kujihami, akamwandikia, "Shikamoo."

Fisi hakuitika.

"Huyo nani?" mke wangu akauliza.

"Mgeni tu."

"Mgeni kwenye mtihani? Hicho kiungo anaweza kukifungua nani?"

Nikaangalia. Yeyote aliyekipata. Na kundi lile lina walimu waliostaafu, na lina simu ambazo jioni huchezewa na watoto hao hao wa darasa la saba.

"Baba watoto, geti letu lina kufuli mbili. Mtihani umeuacha wazi?"

Chai ikanipalia. Nikabadilisha haraka: waingie wale tu niliowaandika majina. Fisi akatoweka. Nikajipongeza kama askari aliyekamata mwizi.

Dakika haikuisha, simu ikalia. Mwalimu wa Mwamgongo.

"Kaka, mbona mmenifungia mlango? Nilikuwa nasoma swali la kumi na mbili."

Fisi ni yeye. Alitumia kompyuta ya shule na hakuwa na akaunti yake, na asiye na akaunti mtandao humpa sura ya mnyama. Nilikuwa nimewafungia nje watoto wale wale niliotaka kuwaokoa na boti.

Tukaanza kufungua akaunti kwa simu, yeye akipaza sauti kushinda upepo wa ziwani.

"Neno la siri niweke Mwamgongo?"

"Kijiji kizima kitaingia!"

"Basi jina la mke wangu."

"Wavuvi wote wanalijua. Weka refu, la kwako peke yako."

"Nimepata! Sikiliza, ni..."

"Usiniambie!" Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia dirishani.

Akanitumia anwani yake, nikamwandika. Akaingia kwa jina lake kamili, na moja kwa moja akarudi kwenye swali alilokuwa akisoma. Swali la kumi na mbili lilikuwa la mzee: kiumbe yupi hana uti wa mgongo, kati ya samaki kuhe, samaki mgebuka, chura na dagaa. Jibu la mzee: dagaa. Wote tuliliona, mimi nikiwemo, tukanyamaza. Utamfutaje mzee?

Mwalimu wa Mwamgongo hakufuta. Aliweka maoni pembeni: "Shikamoo mwalimu. Nimekulia kwenye chanja za kuanikia dagaa. Tunamtafuna mzima, ila uti wa mgongo anao. Naomba tumtafute mwingine."

 Zile rangi zote ziliacha kutembea ukurasani. Mke wangu alinishika bega.

Kisha mzee akaandika: "Marahaba, mwanangu. Nimekula dagaa miaka yote bila kumchunguza. Weka konokono."

Siku ya mtihani nilikuwa kwenye kochi lile lile, simu mkononi, siwezi kunywa chochote. Saa moja kamili ikaingia sauti ya mwalimu wa Mwamgongo, ya kunong'ona, kama mtu aliye nyuma ya darasa:

"Wameanza, kaka. Wote. Boti ya mjini hata haijaonekana."

Nikaruka juu. Mke wangu hakuwepo kunicheka, alikuwa kazini akisimamia mtihani huo huo, kwa hiyo nilitoka mwenyewe hadi getini, nikafungua kufuli zote mbili, nikamtafuta jirani wa kumsimulia.