Mche wa Pale Alipokaa

Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu, nikafuata mlio wa jembe hadi bwawani. Mtunza vifaa wa klabu ya wavuvi alikuwa akipanda miti ya kumkumbuka mwenzao aliyefariki. Kabla ya kila shimo alirusha mshipi kwa fimbo ya kuvulia ya marehemu, akaangalia ndoana inafika wapi nyuma yake kabla ya kuruka majini, akachimba mbali zaidi, matawi yasije yakainasa. Mjane alikuwa ameushika mche wa mwisho.

"Huu uwe hapa ukingoni, alipokuwa akikaa."

"Shemeji, hapo utatumalizia ndoana zote!"

"Kwani yeye hakuzinasisha kwenye kila tawi? Nani alikuwa akikwea kuzitoa?"

Mtunza vifaa akacheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko. "Mimi. Naye chini ananifundisha kuvua, huku nimening'inia kama popo."

Akachimba palepale. Aliufunga mche kwenye kijiti, akalilowesha fundo kwa mate kama marehemu alivyomfundisha kukaza fundo la mshipi, ingawa kamba ya katani haihitaji mate. "Ahsante, mwalimu," akanong'ona. "Na huu tutaukwea."

Akanikabidhi ndoo. "Mgeni, umwagilie taratibu." Akaondoka, fimbo begani, nami nikabaki nikimwagilia.