Kizuri si Rangi

Shangazi yangu haoni tangu utotoni, na kazi yake ni kupokea simu za hospitali. Nyumbani tunamwita Opereta. Ana sauti tamu na miguu mikubwa. Viatu vya kike vya kumtosha tumevikuta kwenye tovuti moja tu. Harusi ya binti yake ilipokaribia, mama yangu alimwambia, "Wifi, usihangaike. Nitakuchagulia vyeusi. Vyeusi vinakwenda na kila kitu."

"Umenichagulia gauni, ukanichagulia na mkoba. Miguu niachie mwenyewe."

Akakaa kitandani na simu yake, inayomsomea kwa sauti kila anachogusa. "Picha," simu ikasema. Akasogeza kidole. "Picha. Picha. Kitufe. Picha." Duka zima la viatu, na hakuna aliyejisumbua kuandika kila picha ni ya nini.

Mama akacheka. "Lete nikuangalizie."

"Ukiniangalizia wewe nitavaa vyeusi."

Akapiga simu huduma kwa wateja. Akapokea msichana.

"Mwanangu, picha ya kwanza ni ya nini?"

"Kiatu, mama."

"Nashukuru. Kikoje?"

"Kizuri tu."

"Kizuri si rangi, mwanangu."

Msichana akaomba asubiri kidogo, ukaanza muziki. Nilidhani yamekwisha. Shangazi akaibana simu begani, akaendelea kukunja nguo zake. "Muziki huu naujua. Sisi kazini tukimchoka mtu tunampigia huuhuu. Dawa yake ni kutokata."

Hakukata.

"Bado upo, mama?"

"Nipo. Tulikuwa picha ya kwanza."

Msichana alianza kwa shingo upande, kisha akanogewa. Hiki rangi ya matope. Hiki kisigino chembamba, utaanguka, mama. "Nitaanguka mwenyewe, endelea." Wakafika kwenye chekundu, chekundu kweli, chenye mkanda kifundoni.

"Hicho!"

"Basi nikuagizie?"

"Hapana. Andikeni maneno kwenye picha, nitabonyeza mwenyewe. Na kesho mwingine asiyeona atabonyeza mwenyewe."

"Nitamwambia fundi wetu wa tovuti. Atajitahidi."

"Nami nitajitahidi kupiga simu."

Akapiga kila siku wakati wa chakula cha mchana, akiuliza picha moja baada ya nyingine. Mama akanunua viatu vyeusi vya kiume, akaviweka chini ya kitanda cha wifi yake, "vya tahadhari." Harusi ikazidi kusogea. Shangazi hakuvigusa. "Nitakwenda peku kabla sijavivaa hivyo," akasema.

Mchana mmoja alifungua tovuti kabla ya kupiga, akapeleka kidole. "Kiatu chekundu, mkanda kifundoni," simu ikasema. "Kitufe. Nunua."

Akabonyeza. Kisha akapiga simu kama kawaida.

"Leo sina swali, mwanangu. Ila mabegi yenu bado ni picha tupu."

Ukumbini mama alimnong'oneza, "Wifi, watu wote wanaangalia miguu yako."

"Hawajakosea," shangazi akasema, akanyoosha mguu mbele zaidi.