Dirisha Nililolikisia

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka moja pale Nyakato. Mke wa rafiki yangu Malimi alifika amekumbatia kitambaa cha kijani kilichofungwa kwenye gazeti. Nilikitambua kabla hajakifungua. Kilikuwa kitambaa cha kiwanda chetu. Mimi na Malimi tulisimamia mashine mbili zinazotazamana kwa miaka saba, mpaka biashara ilipofunguliwa, vitambaa vya nje vikajaa mjini, nasi tukapunguzwa kazi siku moja. Kila aliyeondoka alipewa kipande cha kitambaa. Mimi changu nilikiuza wiki ileile. Malimi chake alikitunza.

Sitajisifu mbele yako. Wazee wengi wakianza kusimulia ujana wao, utadhani hawakuwahi kujikwaa hata mara moja. Mimi nilijikwaa, tena mahali palipo tambarare.

"Shemeji, Malimi anakusalimu," mama yule aliniambia. "Anataka mapazia mawili, la sebuleni na la chumbani. Dirisha la chumbani ndilo linalomkosesha raha. Watoto wakitoka shule wanainama pale dirishani kumchungulia, wanacheka alivyokonda. Amesema ushone wewe, na uje upime mwenyewe."

Malimi alikuwa mgonjwa kwa miezi mingi. Ulikuwa ugonjwa ule ambao siku zile watu waliutaja kwa kunong'ona, na wengine waliamini kuwa hata kikombe cha mgonjwa kinaambukiza. Mimi nilijua si kweli, maana nesi mmoja jirani yangu alishanieleza vizuri. Lakini kichwa kilijua, miguu haikujua. Tangu Malimi alazwe kitandani sikuwa nimekwenda kumwona, na kila nilipoulizwa nilisema kazi zimenibana.

Basi nikapanda mlima Mabatini siku ya pili yake, futi kamba ikiwa shingoni. Nyumba ya Malimi ilikuwa imebanwa na mawe makubwa, kama nyumba nyingi za kule. Mbele ilitazama ziwa. Nyuma ilikatwa ndani ya mlima, hivyo njia ya watu ilipita juu kidogo, usawa wa kizingiti cha dirisha la chumbani. Aliyelala ndani akitazama dirishani huiona miguu ya wapita njia, na wao wakiinama humwona yeye.

Ufundi wa mapazia nilifundishwa na Bi Mwajuma, mama wa makamo, mkali kweli, aliyekuwa ameingia nyumba nyingi za mji ule kuliko mkunga. Upana wa dirisha uzidishe mara mbili, alisema, ili pazia lipate marinda. Urefu uongeze, juu pa kupitisha waya na chini pa pindo. Hayo yalikuwa mepesi. Neno lake kubwa lilikuwa jingine. "Nyumba za mlimani hujengwa kwa kufuata mwamba," alikuwa akiniambia. "Usiliamini dirisha ambalo hujaligusa kwa mkono wako." Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu mimi halikuvunjika, na pengine ingekuwa afadhali.

Nilipima dirisha la sebuleni vizuri, nikaandika. Nilipogeukia mlango wa chumbani nikasikia kikohozi, kisha sauti ambayo nusura nisiitambue.

"Ni wewe, bwana? Ingia basi."

Nikasimama pale, mkono mmoja umeshika pazia la mlangoni. Harufu ya dawa ilinifikia. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nakuja, Malimi, nimesahau futi kamba, ngoja niifuate." Mkewe alinitazama shingoni, ilipokuwa ikining'inia, kisha akatazama chini. Nilishuka mlima ule kama mtu aliyefukuzwa, na nilipofika kwenye cherehani niliandika vipimo vya dirisha la sebuleni mara mbili. Nikajiambia dirisha ni dirisha.

Mapazia yakawa mazuri kwa kuyatazama. Kitambaa kilibaki, na fundi mwenye akili angejiuliza kwa nini kimebaki. Mke wa Malimi alikuja kuyachukua mwenyewe, nikamwambia nitafika kuona yalivyokaa.

Nilifika, mwanangu, lakini kwa nje. Nilipita ile njia ya nyuma na nikaona. Dirisha la chumbani lilikuwa refu kuliko la sebuleni, kwa sababu upande ule una giza la mawe na mwashi alilishusha ili lichukue mwanga. Pazia langu liliishia juu, likaacha wazi kama shibiri moja hivi chini, palepale watoto wanapoinama. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nikasema nitaingia, niombe radhi, nipime upya. Miguu ikaongeza mwendo. Kesho yake nikapita tena. Keshokutwa pia. Wakati mwingine nilipita nikienda na nikapita nikirudi, na kila mara nilipokaribia lile dirisha nilijifanya mtu mwenye safari ya mbali. Nilikuwa navaa viatu vya kahawia vyenye kiraka cha tairi kwenye kisigino, viatu ambavyo Malimi alivicheka tangu tuko kiwandani. Alikuwa akisema hata nikijificha kaburini nitajulikana kwa kisigino.

Habari zikamfikia Bi Mwajuma. Yeye alikuwa amekwenda kumjulia hali mgonjwa, akakaa naye na kumlisha uji kwa mkono wake. Alikuja mpaka barazani kwangu. Nikamwamkia shikamoo, na marahaba yake ilikuwa fupi.

"Lile pazia umelishona wewe?"

"Ndiyo, mama. Vipimo vilinichanganya."

"Usivisingizie vipimo. Dirisha hukuliona. Uliogopa kuingia, ukalikisia." Akachukua kile kitambaa kilichobaki, akakiweka mapajani mwangu. "Ongeza kipande chini. Upeleke leo. Na ukae, usisimame mlangoni kama mgambo."

Nilishona kile kipande jioni ileile, pindo safi kabisa. Kisha nikasema nitakipeleka kesho. Kesho mvua ilinyesha. Siku iliyofuata nikapata mteja. Unayajua mwenyewe maneno ya mtu asiyetaka kwenda. Liwezekanalo leo lisingoje kesho, methali hii nilikuwa nikiwaimbia watoto wangu, mimi mwenyewe nikaifanya wimbo tu.

Siku ya nne nilipanda mlima, kipande kikiwa kwapani. Kabla sijafika niliona wanaume wamekaa kwenye mabenchi nje ya nyumba, na turubai limefungwa kwenye mawe. Nikajua.

Tulimsafirisha kwao, ng'ambo ya Busisi. Pale Kigongo, tukingoja kivuko, nilikaa mbali na jeneza, kwa sababu kulia kwangu kulikuwa kumezidi kwa mtu ambaye hakuwahi kuingia chumbani. Baada ya matanga mjane aliamua kurudi kijijini na watoto, akaniita nimsaidie kushusha vitu. "Na mapazia, shemeji," akasema. "Ushushe wewe uliyeyashona."

Ndipo nilipoingia kile chumba kwa mara ya kwanza. Nilipanda kwenye kigoda, nikafungua waya, pazia likaniangukia mikononi. Nikamwambia, "Shemeji, nisamehe. Nilimwacha wazi, watoto wakamcheka."

Akakaa ukingoni mwa kitanda kilichobaki kamba tupu.

"Nilitaka kuliziba lile pengo kwa kanga," akasema. "Akanikataza. Alisema watoto na wacheke, yeye kupitia pale anaviona viatu vyako. Alikuwa akinihesabia, akisema: Leo kapita mara mbili, mama. Huyu anatafuta namna ya kuingia. Kesho ataingia."

Nikakaa. Nikatazama dirishani kutoka pale alipokuwa amelala. Miguu ya mtu ikapita, kisha ya mwingine. Nilitoa futi kamba shingoni, nikainuka, nikalipima lile dirisha. Lilizidi kwa inchi tisa. Kupima kwenyewe hakukuchukua hata dakika mbili. Mama yule aliniangalia nikilia, akaniacha nilie.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, huja kinyume, na huyu wangu nimezeeka naye. Kile kipande cha kijani ninacho mpaka sasa kwenye droo ya cherehani, na pindo lake halijafumuka.

Sikiliza basi. Kazi yako iwe ipi, usiikisie kwa sababu unaogopa kuingia mahali ilipo. Ukikosea, rudi siku hiyohiyo na aibu yako usoni, kwa maana ukiilaza aibu mpaka kesho, unamlaza nayo mtu anayekungoja. Na mgonjwa akikuita ndani, ingia. Huhitaji maneno mazuri wala huhitaji zawadi. Mimi nilidhani Malimi anahitaji pazia, kumbe pazia lilikuwa namna yake ya kuniita bila kunibembeleza. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi jina hilo nililikosa kwa hatua tatu za sakafu.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe mkono usiochoka kupima na macho yasiyokwepa macho ya anayeumwa. Na popote atakapokuwapo mtu amelala akihesabu nyayo zako, Mungu aisimamishe miguu yako hapo, aigeuze, akuingize ndani.