Tanga Chini ya Godoro

Mume wangu alipopata kazi pwani, ya kufundisha wageni wa hoteli kusimama juu ya ubao wenye tanga na kusukumwa na upepo, aliacha nyumbani vitu viwili alivyovipenda: mama yake na tanga lake. Mimi sikuhesabiwa, kwa kuwa nilikuwa nimeshafunga mizigo kwenda Kegonga kumuuguza mama yangu mzazi.

Tanga lenyewe alipewa na Mzungu aliyekuwa na kambi ya wageni ziwani, karibu na kwetu Kisegi, siku alipoifunga kambi na kurudi kwao. Si kama tanga la mashua ya samaki. Sehemu yake kubwa ni plastiki angavu, unaona upande wa pili kama unachungulia dirishani, na plastiki hiyo haitaki kukunjwa kabisa. Unaliviringisha kama mkeka, unaliingiza kwenye mfuko wake mrefu, basi.

Alimwachia mama yake alitunze. Nyumba yetu ingebaki imefungwa, na mama mkwe wangu hawezi kuingia chumba cha mwanawe na mkewe hata paa likiwaka moto. Kwa Waluo jambo hilo halina mjadala. Basi tanga likaenda nyumbani kwake, likapandishwa juu ya boriti.

Mama yangu alipopata nafuu nilirudi, na mume wangu akanitumia ujumbe kwamba amepewa likizo, atafika Jumapili asubuhi. Nikaenda kuuliza tanga. Mama mkwe akanitazama. Akaingia chumbani kwake, akatoka amekumbatia kitu cha mraba.

Yeye ni shemasi kanisani kwao, Waadventista, na vitambaa vya meza ya Bwana ni yeye anayevifua, kuvipiga pasi na kuvikunja, ncha juu ya ncha, hata uzi hautokezi. Tanga alikuwa amelikunja vivyo hivyo.

"Panya walianza kukula ile mfuko, nyar Kuria," akasema. Ndivyo anavyoniita, binti wa Wakuria, na kwa kuwa Kidholuo changu kinatosha kununua nyanya tu, sisi wawili tunaelewana kwa Kiswahili. "Nikasema wacha nilalie. Mwizi akitaka, atanibeba na mimi."

Tulilikunjua uani. Mistari myeupe ilikatiza plastiki juu chini, kushoto kulia, kama nondo za dirisha. Mama akapitisha kidole juu ya mmoja, akaupitisha tena, kisha akakaa chini palepale kwenye nyasi.

"Atasema sikutunza," akasema. "Na hii ndio kitu aliniachia."

Mimi ni mwepesi wa hasira, na siku hiyo nilikasirikia panya, nikamkasirikia Mzungu, nikamkasirikia na mume wangu aliyeona boriti ni mahali pa kuweka kitu. Mama sikuweza kumkasirikia. Nikavua kanga ya mabegani, nikaanza kazi.

Nilijua la kufanya kwa sababu ndivyo nilivyochumbiwa. Wengine hupelekwa kunywa soda. Mimi nilishikishwa mlingoti, nikaambiwa nivute. Kwanza tuliliosha kwa maji ya ziwa na sabuni ya kuogea, kwa kitambaa laini, maana brashi huikwaruza plastiki. Tukaliacha lote juani mpaka plastiki ikalegea. Kisha tukaingiza mlingoti, tukafunga na mti wa kushikia, tukavuta kamba. Mama alivuta kama anayetoa ng'ombe matopeni. Mikunjo midogo ikaanza kupotea tukiiona.

Ile mikubwa ilikaa. Nikaimwagia maji ya moto kiasi, nikaipapasa kwa kitambaa, nikavuta kamba tena. Nilipogeuka, mama anakuja na pasi ya makaa, ameshaipuliza vizuri.

"Mama, hapana! Itajikunyata kama utando wa maziwa!"

"Hata nikiweka taulo juu?"

"Hata ukiweka godoro."

Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaenda kupigia pasi nguo zake za kanisani.

Ilikuwa Ijumaa. Jua lilipokaribia kuzama aliniambia niache, Sabato inaingia. Nikamwonyesha mkunjo mmoja mrefu uliobaki katikati. Akatikisa kichwa. Tanga litabaki limevutwa hivyo hivyo, akasema, nalo lipumzike. Tulipokuwa tunakusanya ndoo, akasema tena, bila kunitazama, "Leo godoro itanyamaza."

"Vipi, Mama?"

"Nikigeuka usiku, tanga ilikuwa inalia kidogo. Najua mtoto wangu ako hapo."

Nikashika ndoo.

Jumapili mume wangu alifika, na kabla hajanywa chai mama yake alishamweleza yote: panya, godoro, pasi. Akalizunguka tanga. Mkunjo wa katikati ulikuwa palepale. "Iko sawa, Mama," akasema, akaenda nalo majini, na sisi tukasimama ufukweni kati ya wanawake walioanika dagaa wa omena, tukamwona akipita nyuma ya plastiki na mstari mweupe umemkata kifuani. Mama alimpungia mkono kila alipogeuza.

Lile la tanga kulia usiku nilimwambia mume wangu mimi mwenyewe, siku moja tukiliosha tanga. Aliendelea kusugua pahali palipokwisha kutakata.

Siku ya kuondoka alilitandaza uani. Nikashika ncha yangu tayari kuviringisha, maana nilikuwa nimesharudi, na chumba chetu kina nafasi na hakina panya. Akaitoa ncha mikononi mwangu taratibu. Akapiga magoti, akautafuta ule mkunjo wa katikati, akakunja hapo hapo.

"Utaliharibu!" nikamwambia. "Unajua kabisa utaliharibu!"

"Najua."

Akakunja tena, na tena, ncha juu ya ncha, mpaka likawa mraba. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwake. Akampelekea.

"Mama, endelea kunitunzia."

Alilipokea kwa mikono yote miwili, akalikumbatia, akalibonyeza kidogo kwa kidevu. Likalia.