Chanda, Pete na Halua

Mume wangu, Amour Mundhir, ni fundi wa pampu, na asiyemjua hapa Mkunazini basi huyo kashuka bandarini jana. Watu wa misikiti mingapi wanatawadha kwa maji yaliyopandishwa na mkono wake! Mimi ni Reem, napika halua na kuiuza barazani kwetu. Tumeoana miaka ishirini na miwili, na mtaa mzima unatuita chanda na pete. Lakini katika miaka yote hiyo, halua yangu anaila mpaka analamba kikopo, na kuisifu hata siku moja alikuwa hajaisifu. Nilikasirika hata nikachoka kukasirika.

Basi mwaka huu wa elfu mbili na moja, Bi Saroj, mwenye nyumba ya wageni kule Kiponda, akaleta jakuzi, beseni kubwa la maji moto ambalo wageni hukaa ndani wakajitokosa kama muhogo. Akaliweka juu ya paa. Majirani wakapiga kelele kwamba nyumba ya mawe na chokaa haipendi maji. Amour, aliyelifunga kwa mikono yake, akajibu mbele ya kadamnasi, "Halivuji hata tone. Likivuja, msiniite fundi tena." Mdomo huo!

Mwezi haukwisha, pampu ikavuja. Boriti za chumba cha chini zikalowa, chokaa ikamwagika kitandani kwa mgeni. Amour akabadilisha sili, ile pete inayozuia maji pale chuma cha mota kinapoingia ndani ya pampu. Siku mbili tu, ikavuja. Akabadilisha tena. Ikavuja tena! Bi Saroj akamwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi, "Fundi, sili imebaki moja. Ikivuja na hiyo, beseni linashuka, na mimi natafuta fundi mwengine."

Siku hiyo alirudi nyumbani asiguse chakula. Asubuhi nikamwambia nafuatana naye, nikalione hilo lipampu linalonilia mume. Nikachukua poda ya mtoto aliyoniagiza, na kikopo cha halua, maana haendi kazini bila ya halua.

Juu ya paa jua lilikuwa kali. Amour akaikausha pampu kwa kitambaa, akainyunyizia poda kila mahali ili tone likitoka lionekane, akaiwasha. Tukachutama, macho yametutoka. Maungio ya mabomba, kavu. Kizibo cha chini, kavu. Mara kule nyuma, kwenye chuma cha mota, mstari wa maji ukajichora katika ule weupe ukateremka.

"Sili ile ile!" akasema.

Akazima umeme, akafunga maji, akafungua skrubu, akaitoa sili. Uso wa pete ulikuwa na mchubuko mwembamba, kama uliokwaruzwa na mchanga. "Mchanga unatoka wapi?" akauliza. "Maji yote yanapita kwenye chujio!" Akakaa kitako, akafungua kikopo changu, akawa anamega halua. Ndivyo alivyo, akifikiri hula. Kisha akajipangusa vidole kwenye suruali, akaifungua pakiti ya sili ile ya mwisho, akaishika pete yake nyeupe kwa kidole gumba.

Nikaona alama ya kidole inang'aa juu ya pete. Na ndani ya alama, punje moja nyeusi.

"Amour! Usiitie!"

Nikampokonya, nikainusa. Samli. Iliki. Na punje ile, ngumu kama mchanga, ilikuwa kungumanga, niliyoitwanga mwenyewe.

"Mara zile mbili," nikamuuliza, "ulikula kabla ya kuifunga?"

"Nlikula," akasema polepole. "Kila siku si nnakula?"

Tukatazamana, kisha tukacheka hata tukashikana mabega. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini kilichokuwa kikimla mume wangu, yeye mwenyewe alikuwa akikila!

Akanawa kwa sabuni mara tatu. Mimi nikaipangusa pete kwa spiriti, nikampa juu ya kitambaa safi. Akaitia bila ya kuugusa uso wake, akafunga skrubu, tukanyunyiza poda upya, akawasha. Pampu ikanguruma, maji yakafurika mapovu beseni zima. Robo saa, kavu. Nusu saa, kavu. Mpaka inaadhiniwa adhuhuri, poda nyeupe pepepe! Nikashindwa kujizuia, nikapiga vigelegele peke yangu, na wageni wakatoka vyumbani wakidhani pana harusi.

Bi Saroj akapanda ngazi mbio. "Ilikuwa na nini?"

Nikamtazama Amour. Angeweza kusema sili zilikuja mbovu, na nani angejua? Jina lake lote lilikuwa juu ya paa lile. Akainamisha kichwa.

"Pampu haina kosa, Bi Saroj. Kosa la vidole vyangu. Nlikuwa nafunga sili na huku nnakula."

"Unakula kitu gani wewe, hata hungoji kazi ikaisha?"

"Halua ya mke wangu," akasema. "Ukiionja, na wewe hungoji."

Miaka ishirini na miwili nimeingojea kauli hiyo. Nikageuka upande wa pili, nikajidai naokota kikopo cha poda.