Fundi Cheche na Jino la Binti Yake

Mtaani walimwita Fundi Cheche, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha, na mikono yake ilijaa makovu madogo ya moto. Mkewe alipofariki, alibaki na binti yao wa darasa la pili.

Baada ya msiba mtoto alinyamaza. Chakula alikigusagusa tu, na darasani alikaa nyuma kabisa, kiganja mdomoni. Fundi alijua ni majonzi, akampa muda. Alijifunza hata kumsuka nywele, mistari ikaenda upogo hadi shangazi mtu akashika kichwa. Mtoto hakucheka.

Kisha wahudumu wa afya wakaja shuleni kuwapima watoto wote meno, pamoja na mshauri wa kuzungumza nao. Mwalimu akampigia Fundi simu. "Baba, hebu njoo. Usishtuke, mtoto yuko salama."

Alikwenda mbio, ovaroli mwilini. Daktari wa meno, mama mwenye sauti ya upole, alimmulikia mtoto kinywani kwa tochi: gego limetoboka, fizi imevimba, usaha ndani.

"Amevumilia sana huyu," alisema.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Mtoto akainamisha kichwa. Mshauri, dada mmoja aliyekuwa ameketi naye sakafuni wakichora, akamwambia taratibu, "Mwambie baba ulichoniambia mimi."

"Mama alisema anaumwa," mtoto akanong'ona. "Ukampeleka hospitali. Hakurudi."

Fundi alipiga magoti, akamkumbatia, machozi yakamtoka mbele za watu na wala hakujali.

Walipofika zahanati, daktari hakuwaharakisha. Alimwonyesha mtoto kila chombo, akampa kile kioo kidogo achungulie kwanza kinywani mwa baba yake.

"Baba, hili lako jeusi kama sufuria!"

Daktari akaangua kicheko, na Fundi naye, mdomo wazi. Sindano ya ganzi ilipoingia, mtoto alimbana baba yake vidole hadi vikafa ganzi. Jino likatoka. Wakarudi nyumbani wote wawili, na usiku ule mtoto akalala fofofo.

Mshauri aliendelea kukutana naye shuleni. Polepole mtoto akaanza kuuliza habari za mama yake, na Fundi akajifunza kujibu bila kukwepa.

Siku moja alikwenda shuleni kumshukuru mwalimu na wahudumu, waliokuwa wamerudi kupima watoto. Alikuta benchi la watoto wanaosubiri kupimwa limelegea mguu, likiyumba. Hakutoa hotuba. Alileta mashine yake, akauchomelea mguu, akalikalia mwenyewe kulijaribu.

"Umetusaidia sana, Fundi," alisema mwalimu.

"Mwalimu, usinitie aibu. Mimi ndiye nisiyejua nishukuru vipi."

Njiani kurudi nyumbani binti yake alimsimulia ugomvi wa mpira wa makaratasi: nani aliuchana, nani alisingiziwa, nani alilia. Kisa kilikuwa kirefu, hakina kichwa wala miguu. Fundi alipunguza mwendo ili wasifike upesi.