Santuri za Baba, Sidii za Mjomba

Baba ana gramafoni sebuleni kwetu Tinde, aliyoinunua zamani akiendesha lori la pamba. Haruhusu mtu kuigusa. Mama aliolewa akaikuta ndani ya nyumba, na mpaka leo huifuta vumbi kwa macho tu.

Mjomba, kaka yake Mama, anauza deki na spika mjini Geita. Wateja wake ni wachimbaji wa dhahabu, na mchimbaji akipata anataka mtaa wa pili nao usikie. Mjomba ni mtu wa sidii. Anasema muziki wa kwenye simu si muziki, na hapo tu ndipo yeye na Baba wanapoelewana.

Krismasi iliyopita alikuja na deki, akaitua mezani kwa Baba bila kuomba.

"Shemeji, leo utasikia muziki msafi."

"Muziki si sufuria," Baba akajibu. "Usafi wa nini?"

"Santuri zako zinakwaruza kama mtu anakaanga karanga."

"Huo ndio uhai wake. Sidii yako inaimba kama maiti iliyooshwa."

Walibishana tangu chai ya asubuhi mpaka pilau ikaiva. Mama alipochoka, akatoa amri. Kulikuwa na wimbo mmoja wa dansi ambao wote wawili walikuwa nao. Baba angeelekea ukutani, tuupige kwa vyombo vyote viwili, naye aseme ipi ni ipi. Baada ya hapo watu wale.

Baba akageuza kiti. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba lazima mtu aishushe sindano. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaniteua mimi. Nina watoto watatu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuigusa gramafoni ile.

Mjomba akaanza na sidii. Ikakwaruza kidogo, gitaa likaingia. Baba akainua mkono.

"Simamisha. Hii ndiyo santuri yangu. Sikia gitaa linavyolia."

"Hiyo ni sidii, baba watoto," Mama akasema.

Mjomba alicheka mpaka akashika mlango. Baba akageuka taratibu.

"Mbona inakwaruza?"

Mjomba akakoma kucheka. Akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba mkanda wa awali wa studio ulipotea, hivyo waliotengeneza sidii waliunakili wimbo kutoka kwenye santuri ya mtu.

"Kwa hiyo nimesikia santuri."

"Ndiyo, shemeji, lakini..."

"Basi nimepatia."

Sindano sikuishusha. Mama alikuwa ameshapakua pilau, na Baba alikula akiwa na furaha ambayo sijaiona hata siku ya harusi yangu.

Mjomba aliporudi Geita aliisahau deki, sidii ikiwa ndani yake, au alisema ameisahau. Sindano ya gramafoni imechakaa, na mpya hatujazipata hata Shinyanga mjini, kwa hiyo siku nyingi Baba huwasha deki hiyo. Mgeni akiuliza ni kitu gani, humwambia ni santuri ndogo.